Figo Isiyo na Muhuri

Jina la Bi Shoka hakulitafuta. Alipewa na watu waliopanga foleni mbele ya bucha lake wakimwona anavyopasua mguu wa ng'ombe kwa pigo moja huku akiendelea kubishana na mteja bila kupepesa macho. Mfupi wa kimo, mnene wa mikono, na hasira zake za karibu. Ukimwambia nyama yake ina mafuta mengi, anakujibu, "Na wewe je?" Watu wanaangua kicheko, na kesho yake wanarudi, maana mizani yake haikuwa na ujanja na nyama yake haikulala.

Kitu alichojivunia kuliko hata bucha lenyewe ni mwili wake. Vidole vilijaa makovu. Mfupa ulimchoma, kisu kilimkata, ndoano ilimparuza, naye alikwenda bombani akanawa, akafunga kitambaa, akarudi kwenye gogo lake la kukatia. Palipokatwa palivimba, pakawa pa moto, usaha ukatoka kidogo, kisha pakafunga kama hapajaguswa. "Damu yangu kali," alikuwa akisema. "Kijidudu kikiingia humu, kinajuta kuzaliwa." Mafua yakipita mtaani na kulaza nyumba nzima nzima, utamkuta Bi Shoka kasimama buchani, anawauliza majirani walio wazima ni nani leo anapelekewa mifupa ya supu.

Sasa mtu wa namna hiyo umwambie anaumwa, atakuelewa? Miguu ilipoanza kuvimba alivilaumu viatu. Uso ulipovimba akalaumu usingizi. Alipoanza kutapika mbele ya wateja, binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa msaidizi wake buchani, alimvua aproni kwa nguvu akampeleka hospitali. Huko wakakuta presha iliyojificha miaka na miaka, imekwisha kuzimaliza figo zote mbili. Tangu hapo ikawa ni kulazwa kwenye mashine, damu inatolewa, inasafishwa, inarudishwa, na Bi Shoka anarudi nyumbani hoi, mkono umefungwa bendeji.

Na mtaa nao una midomo. "Kauza figo za ng'ombe maisha yake yote," wakasema, "leo zimemgeukia." Maneno hayo yalimkuta ametoka kwenye mashine, hata kusimama hawezi sawasawa. Alijikongoja hadi mlangoni pa bucha, akashika nguzo, akapaza sauti mpaka muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akatoka nje kusikiliza.

"Nauza na maini! Nauza na utumbo! Na ulimi nauza, tena kila siku! Mbona ulimi wangu mzima? Anayebisha aje ausikie kwa karibu!"

Hakuna aliyekwenda.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, huyo mdogo alikuwa hajajua kufunga vifungo vya shati, na Bi Shoka ndiye aliyemfungia. Alimlea, akamsomesha ufundi, na sasa alikuwa fundi wa mabomba anayeitwa kila nyumba yenye choo kilichoziba. Watu walimwita Bomba. Mrefu, mpole, maneno yake ya kuhesabu, na kila jambo la dunia alilielewa kwa njia ya maji. Ukimsimulia habari ya ndoa iliyovunjika, atakwambia, "Kulikuwa na mvujo mdogo, hawakuuziba mapema."

"Dada," alimwambia siku moja pembeni ya ile mashine, "mimi ninazo mbili, na zote zinafanya kazi."

"Zikae hukohuko."

"Moja inanitosha."

"Thubutu! Nimekulea uwe mtu mzima, sikukulea uwe spea."

Bomba akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa ndiko kubishana kwake. Kumbe mtu alikwisha kwenda kupimwa kimyakimya, na majibu anayo mfukoni. Bi Shoka alipoyasoma alimtukana, akalia, akamtukana tena, kisha akasema, "Haya."

Daktari wa figo alikuwa mwanamke kijana wa miwani, asiyetishwa na kelele. Aliwakalisha wote wawili ofisini mwake, akaeleza.

"Mama, kila chembe ya mwili wako ina alama juu yake. Chembe nyeupe za damu kazi yao ni kuzunguka mchana na usiku zikipapasa alama hizo. Zikikuta ya nyumbani, zinapita. Zikikuta ngeni, ya kijidudu au ya mwili wa mtu mwingine, hapo ni vita. Ziko zinazommeza mgeni papo hapo. Ziko zinazoita wenzao. Ziko zinazotengeneza kingamwili, silaha ya kumnasa mgeni huyo tu na si mwingine. Na zikishamjua hazimsahau, ndiyo maana mtu akiugua surua utotoni haiugui tena."

Bi Shoka alikuwa amekunja uso. "Kumbe muhuri," akasema.

"Muhuri?"

"Machinjioni mkaguzi wa nyama anakagua, ng'ombe akiwa safi anamgonga muhuri wa wino pajani. Mimi nikikutwa na nyama isiyo na muhuri, inachukuliwa inakwenda kufukiwa. Hata iwe nzuri namna gani. Hawakuulizi ladha."

Daktari akacheka. "Basi ndivyo. Muhuri wa mdogo wako unafanana sana na wako, kwa sababu tumbo ni moja. Lakini si uleule. Mkaguzi wako ataona."

"Si mumfumbe macho?"

"Hafumbiki kabisa. Tutakupa vidonge vya kumpumbaza. Asubuhi na jioni, maisha yako yote. Vinashusha kinga ya mwili ili figo isishambuliwe. Ukiviacha, mkaguzi anaamka. Ila ujue akipumbaa, na vijidudu vinapata upenyo. Mkato mdogo unaweza kukulaza. Nyama mbichi, damu, msongamano wa watu... Kwa kweli mama, bucha ningependa ulisahau."

"Buchani nitarudi."

"Mama..."

"Nitarudi. Wewe nifundishe namna ya kurudi, usinifundishe namna ya kukaa."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akasema watazungumza mshono ukipona. Bomba alikuwa bado amekwama kwenye neno moja, kushusha. Uso wake ulikuwa ule wa fundi anayesikia maji yanachuruzika ukutani na hajui ni wapi.

Upasuaji ukafanyika, ukaenda vizuri. Figo mpya iliwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, na zile za zamani zikaachwa zilale mahali pake. "Sasa ninazo tatu," Bi Shoka aliwatangazia wodi nzima. "Mwenye shida apange foleni." Bomba aliletwa kumwona akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kajishika ubavu. Hakumtazama dada yake usoni. Alitazama mfuko wa mkojo uliokuwa ukijaa pembeni ya kitanda, akautazama sana, kisha akatabasamu hadi masikio yakasogea.

"Maji yanatoka," akasema. "Tena kwa presha nzuri."

Wakacheka wote wawili huku wameshika mishono yao, wakiombana wasichekeshane.

Nyumbani alipewa masharti ya kukaa chumbani. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya bucha, na kilikuwa na dirisha dogo la kutazama dukani. Weee! Siku hiyohiyo dirisha likageuka ofisi. Binti yake anakata nyama, mama anaamrisha kutoka ndani, barakoa usoni, sauti ileile. "Kata kwa kufuata mfupa, usikate kama unagawa keki!" Wateja wakazoea kusalimia dirisha. Vidonge alivimeza kwa saa yake, bila kukosa, akivikodolea macho kwanza kama watoto watundu.

Na kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Bomba alipita na chupa ya chai iliyojaa supu ya mifupa aliyoichemsha mwenyewe kwake. Anammiminia dada yake, anasimama hapo mpaka kitako cha kikombe kitazamane na dari.

"Mbona chungu?" Bi Shoka aliuliza siku ya kwanza.

"Labda mdomo wako, dada. Vidonge vinaharibu ladha."

Akaamini. Kwa nini asiamini? Alikunywa ule uchungu kila kukicha, na moyo wake ulifurahi, maana mtoto aliyemfungia vifungo sasa ndiye anayemnywesha supu.

Kisha miguu ikaanza tena. Safari hii hakuvilaumu viatu. Alibonyeza kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo, naye akaliangalia shimo lile. Mkojo ukapungua. Homa ikapanda. Pale chini ya tumbo ilipokaa figo ya Bomba pakawa pagumu, panauma akigusa. Aliogopa. Naam, Bi Shoka aliogopa, na alimwambia binti yake afunge bucha saa hiyohiyo.

Daktari alipima damu, akaingiza sindano akachukua kipande kidogo cha figo kwenda kukichunguza, akarudi na sura imebadilika.

"Wakaguzi wameamka, mama. Figo inashambuliwa. Na dawa kwenye damu yako karibu hakuna." Akavuta kiti. "Niambie ukweli. Umeacha vidonge?"

"Sijaacha."

"Wapo wanaochoka. Sitakugombeza."

"Daktari, nimesema sijaacha! Kila kidonge nimemeza, kwa mkono wangu, kwa mdomo wangu! Mimi ni mkorofi, lakini si mwongo!"

"Basi dawa imekwenda wapi?"

Swali hilo lilimuuma kuliko sindano nzito walizoanza kumpitishia mshipani za kuwatuliza wale wakaguzi. Daktari hakumficha. Zisipofanya kazi, figo inatolewa, anarudi kwenye mashine, na mwili wake ukishaonja vita hii, kupata figo nyingine itakayokubaliwa itakuwa shida. Kuhusu bucha, akaongeza, sasa hata wasizungumze.

"Buchani nitarudi," Bi Shoka akasema, amelala, dripu mkononi, macho darini. Sauti haikutoka vizuri, akarudia mpaka ikatoka.

Asubuhi iliyofuata nesi akamletea supu ya hospitali, maji matupu yenye karoti inayoogelea peke yake. Bi Shoka aliionja kwa dharau. Akaonja tena. Akaweka kijiko chini.

Haikuwa chungu. Vidonge vilevile alikuwa amevimeza muda si mrefu, mdomo ni uleule, na supu haikuwa na uchungu hata kidogo.

Bomba alitokea wakati wa kuona wagonjwa, chupa ya chai kwapani, kabeba na mto kutoka nyumbani. Daktari alikuwa kitanda cha jirani.

"Mimina," Bi Shoka akamwambia.

Akamimina.

"Kunywa wewe."

"Hii yako, da..."

"Kunywa!"

Bomba akanywa. Uso ukajikunja wenyewe.

"Umetia nini humu?"

Na kinachouma zaidi ni kwamba hakuona aibu. Aliona fahari, ya mtu aliyengoja siku nyingi aulizwe.

"Ni unga wa mizizi, dada. Nilielekezwa na muuza dawa mmoja, wa kuongeza kinga. Wao wamekushusha, si ulisikia? Bomba likikosa presha, uchafu wa nje unaingia kwa kila tundu. Nimeshuhudia nyumba ngapi! Sasa mimi nikae nitazame tu? Wamekushusha presha, mimi nikapandisha. Kidogokidogo, nisikushtue."

Daktari alikuja, akakichukua kikombe, akakinusa.

"Kaka yangu," akasema taratibu, "mizizi mingine inaifukuza dawa kwenye damu kabla haijafanya kazi. Na wewe ulitaka kinga ipande, ikapanda. Unajua ikishapanda inampiga nani wa kwanza? Aliye karibu asiye na muhuri. Inaipiga figo yako."

Bomba alimtazama daktari, akamtazama dada yake, akashusha macho hadi pale chini ya tumbo la dada. "Mimi?" akauliza. "Ni mimi?"

"Mjinga wewe!" Bi Shoka alipasuka. "Ungeniuliza! Mdomo unao! Toka! Toka mbele yangu nisije nikanyanyuka na madripu haya!"

Akatoka. Chupa ya chai aliiacha kwenye kikabati, na mto aliuacha sakafuni.

Hasira ilimshika Bi Shoka mchana kutwa. Jioni akaanza kumpigia simu ili amtukane vizuri zaidi, simu haikupokelewa. Kesho yake akampigia ili amtukane kidogo. Haikupokelewa. Baada ya hapo akawa anapiga tu. Binti yake alikwenda kwa mjomba wake akakuta mlango umefungwa, majirani wakasema anatoka alfajiri na hasemi na mtu.

"Pole mwenzangu," akasema mgonjwa wa kitanda cha pili. "Ndiyo hivyo, kikulacho ki nguoni mwako."

Bi Shoka akageuka na dripu lake. "Huyo si kunguni. Huyo ni mdogo wangu. Kumtukana ni haki yangu peke yangu."

Sindano zilipigana. Homa ikashuka kwanza, kisha mkojo ukarudi, matone, baadaye kijito. Daktari alikuja na karatasi ya majibu akiwa anatabasamu kwa upande mmoja. Figo imepona, akasema, lakini imepata kovu. Haitakuwa na nguvu zile za mwanzo. Ikilindwa, itakaa.

"Makovu ninayo mengi," Bi Shoka akajibu, akaonyesha vidole. "Na vyote vinafanya kazi. Haya, sasa tuzungumze habari ya bucha."

Wakazungumza, wakavutana, na daktari ndiye aliyechoka kwanza. Mizani tu. Kisu asishike, nyama asiguse, barakoa na glavu wakati wote, kioo kiwekwe kati yake na wateja. "Na kikikukata kitu chochote, hata karatasi, unakuja hapa mbio."

"Nitakuja na hiyo karatasi," akasema.

Siku ya kutoka hakwenda nyumbani. Alimwambia binti yake ampeleke kwenye jengo jipya ambako Bomba alikuwa akifunga mabomba. Alipanda ngazi zisizo na vishikio, barakoa usoni, chupa ya chai mkononi, akipumzika kila kona na kuwafukuza kwa mkono mafundi waliotaka kumsaidia. Alimkuta bafuni, kalala chali chini ya sinki, miguu mirefu imetoka nje hadi mlangoni. Akaipiga teke miguu.

Bomba akajigonga kichwa, akajivuta nje. Alikuwa amekonda. Alipomwona ni nani, akasogea mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Dada, mimi si mtu wa kukaa karibu yako. Nusura nikuue. Nimepata kazi mbali, naondoka."

"Umemaliza?"

Bomba akatikisa kichwa kuwa ndiyo.

Bi Shoka alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alishusha barakoa kidogo avute pumzi, akaipandisha.

"Sikiliza, kwa sababu sirudii. Mwili wangu haukutaki. Umesikia? Tangu siku walipokuweka humu, damu yangu hii ninayoisifia inataka kukutupa nje kama nyama isiyo na muhuri. Haichoki. Leo haikutaki, kesho haitakutaka, mpaka nakufa haitakutaka. Na mimi kila asubuhi na kila jioni nameza vidonge niiambie: huyu haendi popote. Damu yangu mwenyewe nimeikatalia, Bomba." Sauti ikakatika, akaikemea, ikarudi. "Mwili wangu mzima umeshindwa kukutoa. Sasa wewe na hiyo miguu yako miwili ndio utaondoka?"

Bomba alifunika uso kwa mikono yenye gundi, mabega yakaanza kutikisika. Bi Shoka akamwacha alie. Alipoona inatosha, alimsukumia chupa ya chai kifuani.

"Kesho naanza mizani. Niletee supu buchani. Chumvi kidogo." Akanyanyuka, akashika ukuta. "Na utainywa wewe kwanza, mbele ya foleni nzima."